Gari Lenye Mshono

KINYOZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Haloo? Ni wewe? Mbona sauti yako imekuwa ya redio mbovu?

KINYOZI: Mama! Shikamoo. Namba hii umeipata wapi?

MAMA: Marahaba. Mkeo alinitumia jana mlipovuka mpaka. Wewe ungekumbuka? Mpo wazima? Kidoti yuko wapi?

KINYOZI: Wazima kabisa. Tumesimama kituo cha mafuta, Kidoti kaenda chooni na mama yake. Mgongo wako je?

MAMA: Achana na mgongo. Ningoje kidogo, napanda.

KINYOZI: Unapanda wapi?

MAMA: Mezani. Meza yangu ya kukatia nguo, hapa dirishani. Ndipo mtandao unaposhika. (mtandao unakwaruza) Haya. Nisikilize na usinikatize. Kuna maneno nimeyasikia.

KINYOZI: Mama, maneno ya—

MAMA: Nimesema usinikatize. Mtaani wanasema gari ulilonunua si gari moja.

KINYOZI: (anacheka) Ni mangapi, sasa?

MAMA: Mawili. Nusu ya mbele ni ya gari lililogongwa nyuma. Nusu ya nyuma ni ya gari lililogongwa mbele. Wamekata katikati kama mkate, wakaunga kwa moto, wakapiga rangi. Ndiyo maana ulilipata kwa bei ya kutupa.

KINYOZI: Nililipata kwa bei ya kutupa kwa sababu ni zee, mama. Hata mimi nikizeeka nitauzwa hivyohivyo. Nani kakwambia?

MAMA: Mteja. Nampima blauzi, nimemzungushia tepu kifuani, ananiambia: mume wangu kanyolewa jana kwenye saluni ya mwanao. Akamsikia fundi wa kuchomelea, yule mwenye kibanda nyuma ya stoo ya mbao, anasema, "Bosi wenu kaondoka na lile gari langu la mshono." Saluni nzima ikacheka. Kwenye kiti chako mwenyewe, baba. Na taulo lako shingoni.

KINYOZI: Mama, kile kiti nakijua mimi. Mtu akikikalia tu ulimi unalegea. Wiki ile walisema nimekimbia mke, na mke yupo palepale anafagia nywele.

MAMA: Na mimi nilisema hivyohivyo! Nikasema, hayo ni ya saluni. Nikarudi kwenye blauzi ya mtu, nikashona mkono wa kulia kushoto. Nikafumua. Nikaurudisha kulekule kushoto. Nikaona hapana, nikiendelea nitashona kidole. Nikaenda.

KINYOZI: Ukaenda wapi?

MAMA: Kwa fundi.

KINYOZI: Mama!

MAMA: Nimefika na pini bado mdomoni. Akafikiri nimekuja kumchoma.

KINYOZI: Sasa unanidhalilisha mtaani kwa ajili ya— Haloo? Unakatika.

MAMA: Sikatiki, nimenyamaza. Nakuuliza jambo. Mlango wa nyuma unafunga?

KINYOZI: Unafunga.

MAMA: Wenyewe?

KINYOZI: ...Kwa kamba.

MAMA: Kamba!

KINYOZI: Kamba ndogo tu, mama. Ulianza kufunguka jana kwenye barabara ya vumbi, kile kitasa kimelegea. Magari yote ya umri huu—

MAMA: Na aliyekaa kwenye mlango huo ni nani?

KINYOZI: Kidoti anapenda dirisha.

MAMA: Mtoto wa watu nyuma ya mlango wa kamba. Haya. Inua kapeti.

KINYOZI: Kapeti gani?

MAMA: La gari. Chini, nyuma ya kiti cha dereva. Jana Kidoti aliniambia kwenye simu ya mama yake, "Bibi, gari letu lina kidonda." Nikasema ni maneno ya mtoto, nikamwambia akipulizie. Inua uangalie.

KINYOZI: Watu wananitazama hapa.

MAMA: Watazame. Kwani unawajua?

KINYOZI: (anahema) Ngoja... Lilikuwa limegandishwa na gundi... Haya. Nimeinua.

MAMA: Pana nini?

KINYOZI: Pana... kama mstari.

MAMA: Wa namna gani?

KINYOZI: Umevimba. Kama nta ya mshumaa ikishaganda. Na kutu kidogo pembeni.

MAMA: Unatoka wapi unakwenda wapi?

KINYOZI: Mlango huu... mpaka mlango ule. Lakini, mama, kila gari limeungwa mahali. Halikuota shambani.

MAMA: Mimi nashona tangu hujazaliwa. Kuunga nakujua. Nguo ya kuunga ukiivuta huku na huku kitambaa hakina neno. Kinachoachia ni mshono. Kile kichwa cha cherehani nilichokupa umpelekee mkwe umekiweka wapi?

KINYOZI: Kwenye buti. Nimekifunga na blanketi, mkwe wako atakipata bila mkwaruzo.

MAMA: Chuma kitupu kile. Mnyanyuaji wa mizigo alilalamika. Na mimi ndiye niliyekung'ang'aniza ukibebe. Nikasema nisimpelekee mkwe mwenzangu mikono mitupu... Mungu wangu. Mnapopiga shimo kinaruka?

KINYOZI: Kidogo.

MAMA: Kinaruka na mshono ukiwa mbele yake na Kidoti katikati.

KINYOZI: Mama, usianze kulia, tafadhali.

MAMA: Silii. Ni vumbi la kitambaa. Hapo ulipo pana maji?

KINYOZI: Ya kunywa?

MAMA: Ya kukanyaga! Dimbwi!

KINYOZI: Wanapooshea magari pamelowa. Kwa nini?

MAMA: Na mbele yake pakoje?

KINYOZI: Saruji kavu. Mama, unataka nini?

MAMA: Fundi mwenyewe alinipa kipimo hiki. Mwanzo alikataa, ati si yeye. Nikakaa kwenye ndoo yake mpaka akasema. Akaniambia, mama, dalali alinidanganya, alisema gari ni la kuzungukia mjini tu, la kwenda sokoni na kurudi. Sikujua kuna mtu atalipeleka nchi ya watu. Akasema, mwambie apitishe kwenye maji, polepole, usukani umenyooka kama rula, atokee pakavu. Ashuke aangalie alama za matairi. Gari zima, tairi la nyuma linakanyaga palepale lilipokanyaga la mbele. Utaona mistari miwili. Gari lililoungwa vibaya linatembea upande kama kaa. Nyuma haiifuati mbele. Utaona minne.

KINYOZI: Na nikiona miwili utaniacha niende?

MAMA: Nitashuka mezani nikamalize blauzi ya mtu.

KINYOZI: Sawa. Nakutia mfukoni. Usikate.

MAMA: Nipo.

KINYOZI: (kwa mbali) Mama Kidoti! Mshike mtoto, kaeni pale kivulini. Nasogeza gari kidogo... Hamna kitu... Ni mama. Hamna kitu, nimesema.

MAMA: Mwambie namsalimu.

KINYOZI: Anakusalimu na yeye. Haya, naondoa.

MAMA: Huo mlio ni wa nini?

KINYOZI: Upi?

MAMA: Huo. Kwiii.

KINYOZI: Kiti.

MAMA: Kiti hakilii hivyo.

KINYOZI: Mama, naendesha. Nimeingia kwenye maji... usukani umenyooka, usiniambie haukunyooka... natoka... nimesimama. Nashuka.

MAMA: Injini bado inaunguruma.

KINYOZI: Sizimi. Stata imechoka, nikizima tena ni kusukuma, na hapa sina wa kunisukumia.

MAMA: Haya, mingapi?

KINYOZI: Jua kali, saruji inakauka haraka, hata haionekani viz—

MAMA: Mingapi, baba?

KINYOZI: (kimya)

MAMA: Haloo?

KINYOZI: Miwili.

MAMA: Miwili.

KINYOZI: Miwili, mama. Nilikwambia ni maneno ya saluni.

MAMA: Na huyo anayehesabu ni nani?

KINYOZI: Nani?

MAMA: Nyuma yako hapo. Ni Kidoti. Anaruka mstari kwa mstari huku anahesabu, kama anavyoruka chaki yangu nikichora kitambaa sakafuni. Mimi ndiye niliyemfundisha.

KINYOZI: We Kidoti! Rudi kwa mama yako!

MAMA: Mwache aruke. Kafika ngapi?

KINYOZI: Ni mtoto, anahesabu hata—

MAMA: Kasema nne. Karudi mwanzo, kasema nne tena. Upo?

KINYOZI: Nipo.

MAMA: Sikugombezi.

KINYOZI: Najua.

MAMA: Sasa mbele yako pana nini?

KINYOZI: Mteremko. Madereva wa malori hapa wanasema ni kona juu ya kona mpaka chini bondeni. Mji wa ukweni uko palepale chini. Ukisimama hapa unaona mabati yanang'aa. Mama, ni mlima mmoja tu umebaki. Tumetoka huko kote na halijafa.

MAMA: Kwa sababu huko kote ni tambarare.

KINYOZI: Nitashuka na gia ndogo. Polepole. Hata ng'ombe watanipita.

MAMA: Na likiachia?

KINYOZI: Haliachii.

MAMA: Likiachia nyuma inabaki wapi na mbele inakwenda wapi? Nyuma yumo nani?

KINYOZI: Mama, usiseme hivyo!

MAMA: Nisiposema mimi nani atasema? Dalali?

KINYOZI: Unakumbuka siku ya ndoa?

MAMA: Nakumbuka.

KINYOZI: Mkwe wako alivyosimama mbele ya watu—

MAMA: "Mwanangu anaolewa na kinyozi. Atakula nini, nywele?"

KINYOZI: Watu wakacheka hadi wa jikoni.

MAMA: Hata mimi nilicheka. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

KINYOZI: Basi mimi nataka kupiga honi mlangoni kwake. Mara moja tu. Atoke na kitambaa cha vyombo mkononi, aone mwanawe anashuka kwenye gari. La kwake. Na mjukuu ambaye hajawahi kumwona anashuka nyuma kama mtoto wa bosi. Basi. Baada ya hapo hata likioza uani kwake sijali.

MAMA: Hiyo honi yenyewe inalia?

KINYOZI: ...Ukikata usukani kulia.

MAMA: (anacheka, anakohoa) Ee Mungu. Utafika mlangoni kwa mkwe unazunguka kama kuku ili honi ilie.

KINYOZI: (anacheka) Ndiyo mpango wenyewe.

MAMA: Baba.

KINYOZI: Naam.

MAMA: Mkwe mwenzangu ana mdomo, lakini hana haja ya kuletewa habari mbaya kutoka mlima unaoonekana kwenye dirisha lake.

KINYOZI: (mtandao unakwaruza)

MAMA: Umenisikia, au ni mtandao?

KINYOZI: Nimesikia. Haya, nafanya hivi. Pana mabasi madogo yanashuka, yanasimama hapahapa kituoni. Mama Kidoti na mtoto wapande. Na kichwa cha cherehani wapande nacho. Mimi nashuka na gari peke yangu, taratibu, wao wametangulia. Umeridhika?

MAMA: Hapana.

KINYOZI: Sasa hapana nini tena? Hakuna mtu nyuma! Hakuna mzigo!

MAMA: Na mbele?

KINYOZI: Mbele ni mimi.

MAMA: Na wewe ni nani wangu?

KINYOZI: Mama...

MAMA: Nakuuliza. Wewe ni nani wangu?

KINYOZI: Mwanao.

MAMA: Basi na wewe panda basi.

KINYOZI: Na gari niliache hapa? Nililolitafuta miaka yote hii, niliache kwenye dimbwi la watu? Wakiniuliza mtaani niseme nini? Saluni watanicheka mpaka— Mama, huo mlio ni wa nini huko kwako?

MAMA: Upi?

KINYOZI: Huo. Kama mbao zinalia.

MAMA: Meza.

KINYOZI: Meza gani? Ile ya mguu tulioupigilia misumari?

MAMA: Ulioupigilia wewe. Ulikuwa darasa la saba. Ukasema, mama, sasa hata tembo atakaa.

KINYOZI: Mama, shuka! Utaanguka! Mguu ule mimi niliuunga kwa misumari ya kukotwa!

MAMA: Najua. Nausikia unavyocheza.

KINYOZI: Shuka basi! Kwa nini umepanda meza ya kuunga na mgongo wako huo?

MAMA: Kwa nini wewe umepanda? Shuka na mimi nashuka.

KINYOZI: Mama, huo si utani.

MAMA: Nani anatania hapa? Ngoja... dada wa salio ameshaingia. Limebaki kidogo sana. Kupiga huko ni kama kununua nyama. Meseji ninazo tele, lakini wewe meseji husomi.

KINYOZI: Nasoma.

MAMA: Husomi. Mkeo yuko wapi?

KINYOZI: Yuko... kaja huku. Anaangalia chini.

MAMA: Ameiona mistari?

KINYOZI: Bado haijakauka yote.

MAMA: Amesemaje?

KINYOZI: Ameniangalia tu. Sasa anakwenda mlangoni... anafungua kamba.

MAMA: Halafu?

KINYOZI: Anashusha mabegi.

MAMA: Kumbe mwenye akili yupo huko na mimi najisumbua. Zima gari.

KINYOZI: Nikizima haliwaki, mama. Nimekwambia.

MAMA: Ndiyo maana nakwambia uzime. Zima mimi nikisikia. Tangu tuanze kuongea linaunguruma masikioni kwangu kama mtu anayekusubiri. Sitaki kuomba tena, baba. Weka simu karibu na hiyo injini, uzime, nisikie kimya.

KINYOZI: Mama, ngoja kwanza niongee na—

MAMA: Utaongea naye kwenye basi. Zima.

KINYOZI: Sawa, ngoja niingie... Kidoti, toka hapo mbele... Mama?

MAMA: Nipo.

KINYOZI: Angecheka lakini, eti? Kwa ile honi.

MAMA: Angecheka mpaka akae chini. Zima sasa, salio—

KINYOZI: Nashika ufung—

MAMA: Haloo? (kimya) Haloo? Umezima? (kimya) Ni injini hiyo imenyamaza, au ni salio? Haloo? Baba? Sema kitu. Haloo!

MAMA (kwa ujumbe): Salio limekata. Sijui kama ulizima. Soma hii yote, usiruke, na mkeo asome.

Usishuke mlima na hilo gari, hata peke yako, hata wenye malori wakikwambia mteremko ni mdogo.

Usimkalishe mtu kiti cha nyuma, hata kwa kusogeza gari tu kituoni.

Usifunge mlango kwa kamba ukasema umefunga.

Usirudishe kapeti juu ya ule mstari ukajifanya haupo.

Usibebe kichwa cha cherehani. Kiache kwa wenye kituo. Mkwe nitamwambia mimi.

Usinunue kitu tena kwa kutazama rangi.

Usimpigie dalali leo, una hasira.

Usimuuzie mtu hilo gari. Atakayelinunua naye ana mama.

Usione haya kushuka kwenye basi mlangoni kwa watu. Akicheka, mwache acheke, halafu mpe mjukuu wake ambebe.

Usikae kimya. Kama huna salio nibip tu. Bado niko juu ya meza.